Masse ya Udongo

Kabla ya dhoruba, nyumba yetu ya mtaa wa Mangobo ilipata umeme kwa nyaya mbili kutoka kwenye nguzo ya barabarani, kama nyumba za watu wengine. Siku ile tawi la mparachichi wa jirani liliziangukia nyaya hizo, zote zikaja chini. Aliyekuja kututoa gizani ni tonton, mdogo wake mama, fundi umeme ambaye nusu ya mtaa humwita kila taa inapogoma. Alizipima, akakuta mmoja bado mzima, na wa pili umeoza ndani ya mpira wake mpaka umekuwa unga wa kijani. Waya mwingine wa kuweka badala yake hakuwa nao.

Umeme unataka njia ya kuja na njia ya kurudi. Hilo hata mimi, mshonaji, nilikuwa nimelisikia. Tonton aliutumia ule waya mzima kuleta courant, yaani umeme, ndani, na kwa ajili ya kurudi akafunga waya mfupi kwenye nondo iliyoshika pembe ya bafu letu la mabati, huko uani. Marehemu baba aliizamisha nondo hiyo chini sana wakati anajenga. Taa ikawaka, tukashukuru, na mama akamtengea ndugu yake lituma ya ndizi za kuponda na samaki wa moshi.

"Poteau ya barabara iko na masse yake," tonton alisema huku anakula, "na udongo pia iko na masse. Masse ni masse. Yote inarudisha courant."

Mafundi wa kwetu huuita hivyo waya wa kurudi: masse. Huita hivyo hivyo na chuma kilichozikwa ardhini. Ni neno moja kwa vitu viwili, na sisi hatukuona ubaya wowote, maana taa ilikuwa inawaka.

Iliwaka, lakini kwa uvivu. Jua likishika bila mvua, balbu yangu ilikuwa nyekundu kama kaa la jikoni. Mvua ikinyesha, mwanga ulipanda wenyewe, nyumba ikawa kama ya harusi. Tonton alicheka tulipomwuliza. Alisema udongo ukikauka masse inasikia kiu, tuinyweshe maji ya chumvi. Basi ikawa desturi ya nyumba. Kaka yangu mkubwa, anayeendesha pikipiki ya abiria, alirudi kila jioni kabla ya Magharibi, akakoroga chumvi kwenye bidoni ya maji na kuyamwaga taratibu chini ya ile nondo. Alipiga kelele kutoka uani, "Imepanda?" Sisi tukajibu kutoka ndani, "Imepanda." Alipenda kazi hiyo. Nadhani ilimpa raha ya mtu anayeonekana kuwa ndiye anayewasha nyumba.

Mimi haikunipa raha. Nashona nguo nyeusi za wanawake wa msikitini, uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, na kila jirani akiwasha jiko lake la umeme taa yangu ilitetemeka na kufifia. Nilifumua mishono mpaka vidole vikaniuma. Tonton nilikuwa namwita, anakuja kesho, kesho inakuwa wiki. Mimi si mtu wa kusubiri. Siku moja nilimfuata kazini, nikamwambia anifundishe, niache kumbembeleza.

Aliniangalia kutoka juu ya ngazi. "Fil ya courant haiko uzi ya kushona, unajua? Uzi hauuwi mutu."

"Na sindano inatoboa," nilimjibu. "Fundisha tu, tonton."

Alikubali, na kwa kweli alikuwa mwalimu mzuri. Nilimfuata kwenye nyumba za Mangobo asubuhi ambazo sikuwa na nguo za haraka. Alinionyesha waya unaoleta courant, phase, na ule unaorudisha, masse. Alinipa bisibisi ya kupimia, testeur, yenye kitaa kidogo ndani ya mpini. Ukigusa phase kitaa kinawaka, ukigusa masse hakiwaki. Nilijifunza kumenya waya bila kuukata, kuukunja ncha kabla ya kuubana, na kutoamini kiungo kilichosokotwa kwa mkono na kufunikwa karatasi ya nailoni. Taa nyingi zinazofifia, niligundua, hazina ugonjwa mkubwa. Kuna skrubu imelegea, kuna sisimizi wamejenga ndani ya kishikio cha balbu, au fundi fulani alikuwa na haraka.

Siku ya kwanza courant iliponikamata, nilikuwa nimeshika waya niliodhani umekufa. Ilinipanda mpaka kwenye bega, nikahisi meno yangu yote kwa pamoja. Tonton alinipa maji ya kunywa, akaniambia kwamba sasa nimejulishwa kwa courant, haitanisahau. Nilimtukana, nikacheka, lakini kuuma kule kulibaki kichwani mwangu jinsi unavyokumbuka sauti ya mtu.

Kazi iliyonipa kiburi ilikuwa ya mama mmoja muuza mkate, jirani yetu. Balbu ya chumbani kwake ilikuwa ikizimwa inaendelea kung'aa kidogo, rangi ya maziwa, na watoto wake walikataa kulala humo. Nilipima, nikakuta swichi imewekwa kwenye masse badala ya phase. Ukizima, courant inabaki imekaa kwenye balbu inasubiri. Nilibadilisha nyaya mbili tu, giza likawa giza. Yule mama alinikumbatia, na mimi nilirudi nyumbani nimevimba kichwa, naona hakuna taa ya mtaa huu itakayonishinda.

Nyumbani kwetu, wakati huo, mama alikuwa anakonda.

Sikuona ilivyoanza. Mama ni mtu wa Maniema, wa sala tano, na sijawahi kumsikia akilalamikia magoti wala mgongo. Yeye hutawadha uani, kando ya bafu, mahali palipo na pipa la maji na sakafu ndogo ya simenti iliyopasuka. Magoti yake hayamruhusu tena kuinua mguu bila kushika kitu. Nikaona amepunguza kwenda huko. Anangoja, anasimama mbali na pipa, anakunja mikono chini ya kitenge. Halafu nikamkuta asubuhi moja anapiga viganja kwenye mchanga mkavu na kupaka uso, kama msafiri aliyekosa maji, na pipa limejaa pembeni yake.

"Mama, mayi iko," nilimwambia.

"Iko," alisema. "Lakini inanikatala."

Nilimlazimisha aeleze. Alisema akianza kutawadha, anaosha mikono, uso, kichwa, hakuna neno. Akifika kwenye miguu, kitu kinamkamata mkono na kumtetemesha mpaka moyoni. Kinamwachia, anaanza upya, kinamkamata tena. Siku nyingine hakiji kabisa. Hakupiga kelele kwa sababu aliona haya. Alisema hajawahi kusikia mtu ambaye maji ya sala yanamkataa, isipokuwa mtu mwenye kitu ndani yake.

Nilikasirika, na hasira zangu zilikwenda mahali pasipofaa. Nilimwambia ni uchovu, ale vizuri. Kaka yangu aliogopa zaidi yangu. Alimleta mwalimu wa msikiti wetu, mtu mpole, ambaye alimsomea mama aya, akampulizia kichwani, kisha akamwomba atawadhe mbele yake. Mchana ule umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima tangu asubuhi. Mama alitawadha kuanzia mikono hadi miguu, ameshika nondo, na hakuna kilichomgusa. Alilia kwa furaha. Mwalimu alisema kama lilikuwa jini limeondoka, na akakataa hata chai. Jioni umeme ulirudi, mama akaenda uani kwa sala ya Magharibi, na kilimkamata kwa nguvu kuliko siku zote.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye cherehani, nafurahia mwanga. Kaka alikuwa ametoka kuinywesha masse.

Baada ya hapo mama alikata shauri kwamba si jini. Jini angekimbia. Ni yeye. Alianza kuyapekua maisha yake kama mtu anayetafuta sarafu kwenye pindo za nguo. Alikwenda kuomba msamaha kwa wanawake ambao hawakukumbuka ugomvi wenyewe. Alirudisha sufuria aliyoazima kwa shangazi yetu tangu sisi wadogo. Kila baada ya kuomba radhi alikwenda kutawadha, na kila mara, umeme ukiwapo, alirudi ameshika mkono wake. Ilikuwa inaniuma kumwona. Nilitaka kumtikisa nimwambie aache, lakini nilikuwa sina jibu la kumpa badala ya lile alilonalo.

Ijumaa moja, baada ya sala ya adhuhuri, alimwita kaka ndani. Nilitaka kutoka, akanizuia.

"Wewe pia ubaki. Sitaki kuisema mara mbili."

Alikaa kwenye kitanda, miguu imening'inia, anamtazama kaka usoni.

"Papa yako haiko ule tulizika," alisema. "Nilitoka Maniema na mimba yako. Marehemu alifikiri ni yake, na miye nilimuacha afikiri vile mpaka siku alikufa. Njo sababu Mungu anakatala mayi yangu. Nakuomba pardon."

Kaka yangu ndiye aliyeuosha mwili wa baba. Ni haki ya mtoto wa kwanza, na aliifanya kwa mikono yake bila kusaidiwa, nasi watu wazima tukilia nje. Aliuliza swali moja tu.

"Na ule mwengine, ni nani?"

"Sijui kama angali muzima."

Alisimama, akarekebisha kola ya shati lake, akatoka. Nilisikia pikipiki inawaka. Kesho yake alivuka mto kwenda Lubunga kwa rafiki yake, na pikipiki akaivusha kwa mtumbwi. Simu zangu hakupokea. Mama alingoja mpaka jioni ile ile ya Ijumaa, akajifunga kitambaa kichwani vizuri, akaenda uani kutawadha na uso wa mtu aliyemaliza deni. Nilimfuata kwa macho. Alirudi polepole, akakaa kwenye kizingiti.

"Bado," alisema.

Sijawahi kumhurumia mtu kama nilivyomhurumia mama jioni ile. Hakuwa na kitu kingine cha kutoa.

Siku zilizofuata alitawadha kwa mchanga na aliongea kidogo. Mimi nilioga, nilishona, nilikwenda na tonton kazini. Mkanda wa kandambili zangu ukakatika. Jambo dogo tu. Nilikwenda kuosha miguu uani jioni hiyo pekupeku, na simenti ilikuwa na maji. Nilipoinua mguu niliyumba, nikashika nondo.

Ilinipanda mpaka kwenye bega, na meno yangu yote nikayahisi kwa pamoja.

Nilibaki nimesimama, nondo nimeiachia. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Mama hajawahi kugusa waya maisha yake yote, kuuma kule hakukuwa na jina kwake. Mimi niliitambua: courant. Niliingia ndani nikachukua testeur, nikarudi nikaigusa nondo. Kitaa kidogo kikawaka. Nilidhani imeharibika, maana nilifundishwa kwamba kwenye masse hakiwaki. Nikamwomba mke wa jirani aingie azime taa zetu zote na redio. Kikazimika. Akawasha, kikawaka. Nikakaa chini palepale kwenye maji.

Courant inayokwenda kwenye waya wa kurudi hupata njia laini ya kufika kwenye nguzo. Ile ya kwetu ilikuwa inasukumwa kwenye udongo wa Mangobo, na udongo hauipokei upesi, kwa hiyo inajaa kwenye chuma na kungoja njia nyingine. Kila taa yetu ilipowaka, nondo ilikuwa inabeba. Sisi wengine tulikuwa na kandambili za plastiki na magoti mazima, tulikuwa hatushiki kitu. Mwenye miguu mitupu iliyolowa, na mkono uliolowa, na haja ya kushikilia, alikuwa mmoja tu, na alishika kila alipokwenda kusali.

Niliikata ile masse saa hiyo hiyo. Nyumba ikaingia giza. Nilimtumia kaka ujumbe wa sauti, nikamweleza kwamba haikuwa Mungu wala jini, ilikuwa courant, arudi nyumbani. Mara hii alijibu, kwa sauti ya utulivu ambayo sikuizoea kwake.

"Donc ile mama aliniambia, nayo ilikuwa courant?"

Niliweka simu mfukoni, nikatoka kumtafuta tonton.

Tonton nilimkuta anafunga kazi kwa mteja, nikamwambia mbele ya mteja kwamba masse yake inataka kumwua mama. Alikasirika. Alisema nyumba nyingi zina masse ya udongo, amefunga mwenyewe, hakuna aliyekufa, na mwanafunzi akianza kuona taa anataka kumfundisha mwalimu jua. Nilimvuta mkono mpaka nyumbani. Niliunganisha tena ule waya na nikawasha kila kitu kilichokuwa ndani.

"Vua bottes, tonton."

Buti zake za mpira havui kazini. Alisita, akavua. Nilimwagia maji miguuni, na yeye, kwa desturi ya mafundi, akagusa nondo kwa mgongo wa mkono. Mkono uliruka wenyewe. Alibaki anaiangalia nondo, mdomo umelegea. Mama alikuwa amesimama mlangoni, hajui tunafanya nini.

"Kila siku?" tonton aliniuliza kwa sauti ya chini.

"Kila siku courant iko."

"Dada yangu," alisema, lakini hakuwa anamwita.

Alifungua waya kutoka kwenye nondo, akauviringa, akauweka mfukoni. Kesho yake alikuja na waya mrefu mzima. Mkewe aliniambia baadaye kwamba aliushusha kutoka nyumbani kwao wenyewe, na kwamba sasa wanatumia tochi. Tuliupandisha pamoja, yeye juu ya nguzo na mimi chini nikimpokeza. Kwenye sanduku letu la umeme niliubana mimi. Nilipima kila mahali, nondo, mabati, pipa, hata kamba ya nguo yenye waya ndani. Kitaa hakikuwaka. Taa ya kwenye cherehani ilikaa imara, nyeupe, haitetemeki hata jirani akiwasha jiko lake. Nilikuwa nimeitaka taa hiyo kwa muda mrefu, na nilipoipata sikuweza kushona.

Siku hizi tonton anazunguka kwenye nyumba alizozifunga. Baadhi wanamfukuza. Wanasema taa inawaka, anataka nini tena. Mimi naenda naye ninapoweza, na nina maneno makali kuliko yake, lakini mtu anayeona mwanga ni vigumu kumwambia kwamba kuna kitu kibaya.

Mama hakutaka kujaribu. Nilimweleza mara ya kwanza, mara ya pili, nikamwonyesha testeur, nikashika nondo mwenyewe miguu mitupu kwenye maji, taa zote zikiwaka. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayecheza na moto. Ilibidi niendelee kuishika, nimekaa hapo, mpaka adhana ya Magharibi ikaanza, na yeye akaona haya kuniacha nimelowa vile.

Alikuja, akavua viatu. Akaosha mikono, akasukutua, akaosha uso na mikono mpaka viwikoni, akapaka kichwa. Alipofika kwenye miguu alisimama. Kisha akanyoosha mkono, akashika nondo, akafumba macho, akainua mguu wa kulia.

Hakuna kilichomkamata. Aliosha mguu wa kulia, akaosha wa kushoto. Hakuiachia nondo. Alibaki ameishika, maji yanamchuruzika kwenye vifundo, muda mrefu kuliko inavyohitajika, na mimi nilianza kutabasamu.

"Donc ilikuwa courant," alisema.

"Ilikuwa courant, mama. Courant tu."

Akafungua macho, akaniangalia.

"Alors Mungu hakuniuliza kitu," alisema. "Ni miye mwenyewe nilisema."